JIWE LA MOMBASA NDANI YA BIRIKA

MSOMAJI mpenzi, siku utakapofunga safari kutoka bara kwenda Mombasa kuwatembelea jamaa, yako mambo ambayo utakuwa umeonywa mapema: joto la mchana, mbu wa usiku, na wenyeji wasiofanya jambo kwa pupa. Jambo ambalo huenda hakuna atakayekutajia ni sabuni. Utaingia bafuni na vumbi lako la safari, ujipake sabuni ile ile unayoitumia nyumbani, na povu likatae katakata kutoka. Utaisugua mpaka ibaki ngozi. Ukishajimwagia maji utahisi mwili unanata, na pembeni mwa karai utaona utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika.

Usimlaumu mwenye duka kwamba amekuuzia sabuni bandia. Sabuni ni nzima. Maji ndiyo yaliyobadilika.

Ikiwa unaishi Nairobi, sehemu kubwa ya maji ya mfereji wako hutoka katika mabwawa kama Ndakaini na Sasumua, yanayojazwa na mito ya milima ya Nyandarua. Maji hayo hupita juu ya mawe yasiyoyeyuka upesi, kwa hivyo hufika kwako yakiwa na madini machache. Hayo huitwa maji laini. Mombasa na ukanda wa pwani una maji ya tabia nyingine, hasa yale ya visimani. Hayo huitwa maji magumu, na ugumu wake hauishii kwenye povu. Unafika hadi kwenye birika la umeme, pasi, mashine ya kufulia na shawa ya maji moto, na kutoka hapo unafika kwenye mfuko wa mwenye nyumba. Tena, kama tutakavyoona, mtu asipoelewa ugumu huu ni kitu gani anaweza kuhatarisha hata uhai wa watu wake.

Twende basi tukautazame mji huo, na tuanze na mawe yake.

Mji juu ya matumbawe

Ukifika Ngome ya Yesu, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, usikimbilie mizinga. Sogea ukutani utazame jiwe moja kwa karibu. Utaona limejaa vishimo, na pengine utaona umbo la kombe au la tawi la tumbawe. Jiwe hilo lilikuwa kitu chenye uhai ndani ya bahari. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe yakaota mahali ambapo sasa pana nyumba na barabara. Bahari iliposhuka, yakabaki nchi kavu yakiwa mwamba.

Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa mwamba huo huo. Mafundi wa zamani waliyachoma matumbawe juu ya magogo, wakapata chokaa ya kushikanisha mawe na kupaka kuta. Ukivuka Nyali ukaelekea kaskazini utafika Bamburi, ambako kiwanda cha saruji kilichofunguliwa mwaka 1954 kiliwekwa kwa sababu ya mawe hayo hayo. Mashimo yaliyoachwa na uchimbaji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na leo familia huenda huko kutazama viboko na kobe wakubwa.

Sasa fikiria mvua inayoanguka juu ya mwamba wa namna hiyo. Inaposhuka hewani na kupenya udongoni, huchukua hewa ya kaboni na kuwa asidi hafifu sana, hafifu kuliko ile iliyo katika soda. Lakini jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti, nalo halistahimili hata asidi ndogo. Tone baada ya tone linayeyuka. Maji yanapofika chini kisimani huonekana safi kabisa, kumbe yamebeba jiwe lisiloonekana. Ndani yake mna kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia. Hayo mawili ndiyo yanayoishika sabuni na kuigeuza ule utando wa kijivu kabla haijapata nafasi ya kutoa povu.

Lakini asidi hiyo ikishaondoka, jiwe hurudi kuwa jiwe. Kuna njia moja ya haraka ya kuiondoa, nayo ni kuyachemsha maji. Hewa ya kaboni hutoroka, na kalsiamu kaboneti haina tena njia ya kubaki ndani ya maji. Hujikusanya mahali palipo na moto zaidi, ikaganda hapo. Kwa hivyo, ndugu msomaji, yale magamba meupe yaliyo chini ya birika la shangazi yako kule Kisauni ni jamaa wa damu wa ukuta wa Ngome ya Yesu.

Mfereji mmoja, maji mbalimbali

Pengine utasema: hayo ni ya visimani, sisi tutafunga mfereji wa kampuni. Ngoja kidogo.

Mji wa Mombasa hauna mto wa kuutosha, na maji yake ya mfereji hutoka mbali. Kuna chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba. Kuna visima virefu vya Tiwi, kusini. Kuna visima vya Baricho kando ya mto Sabaki katika kaunti ya Kilifi. Na kuna Mzima, chemchemi mashuhuri ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Maji ya Mzima huanza kama mvua juu ya vilima vya Chyulu, yakachujwa na mawe ya volkeno chini ya ardhi, yakatokea miongoni mwa viboko. Bomba lake la kuyaleta Mombasa, lenye urefu wa kilomita zipatazo 220, lilianza kufanya kazi mwaka 1957.

Maji ya vyanzo hivyo hayana tabia moja. Isitoshe, hayafiki kila mtaa kila siku. Ndiyo sababu utawaona wauza maji wakisukuma mikokoteni iliyojaa mitungi ya lita 20, na ndiyo sababu majumba mengi ya kupangisha yamechimbiwa kisima uani. Pampu huyavuta maji hadi kwenye tangi la juu ya paa, ambamo huchanganyika na yale ya bomba la mji. Kwa hivyo mfereji wa jikoni unaweza kukupa maji ya Mzima Jumatatu na maji ya matumbawe Alhamisi, na wewe usijue.

Wenyeji huwa wanajua. Wana maneno yao, nayo inafaa uyajifunze. "Maji matamu" au "maji baridi" kwao si maji yaliyotiwa sukari wala yaliyotoka kwenye friji, bali ni maji yasiyo na chumvi. Yale mengine huitwa "maji ya chumvi". Mwenyeji wako akikwambia, "Mwanangu, hayo ya mtungi ni ya chai, ya mfereji ni ya kuogea," msikilize. Amekwisha kukusomea somo la kemia.

Kwenye jiko utaliona somo hilo tena. Chai iliyopikwa kwa maji magumu huweka utando juu ikipoa. Maharagwe na mbaazi huchukua muda mrefu kuiva, kwa kuwa kalsiamu hukaza ngozi na nyama ya punje. Mpishi wa mbaazi za nazi anayetafuta maji matamu kwanza hafanyi madaha. Anaokoa makaa yake.

Kwenye kibanda cha fundi

Zunguka mitaa ya Mombasa hukosi kumpata fundi wa vyombo vya umeme, amezungukwa na mabirika yasiyo na vifuniko, pasi zisizo na waya na shawa zilizopasuliwa matumbo. Mwonyeshe birika lako linalojizima kabla maji hayajachemka. Mara nyingi hatachukua hata bisibisi. Atatazama ndani, kisha atakwambia, "Hili halijafa, mama. Limebeba jiwe."

Magamba ya chokaa hayapitishi joto vizuri. Moto unaotoka kwenye koili ya umeme unanaswa chini ya gamba badala ya kuingia majini. Koili inazidi kupata moto, swichi ya usalama inadhani maji yamekauka, inakata. Ukiendelea hivyo, siku moja koili inaungua. Muda huo wote ulikuwa unalipia umeme wa kulipasha jiwe joto.

Pasi ya mvuke huathirika kwa njia nyingine. Matundu yake ni madogo, na chokaa huyaziba. Halafu siku ya Idi au ya harusi, unapoinyoosha kanzu nyeupe au buibui jeusi, pasi inakohoa na kutema tope la madoa juu ya nguo. Mashine ya kufulia nayo hula sabuni maradufu, nguo nyeupe zikageuka kijivu na taulo zikawa ngumu kama gunia. Mitambo ya kupasha maji moto kwa jua iliyo juu ya paa huzibika mabomba yake, na ndiyo maana kwa sehemu za maji magumu inapendekezwa ile ambayo maji ya bomba hayapiti moja kwa moja ndani ya paneli. Hata rejeta ya gari huota magamba ndani ikijazwa maji ya kisima kila siku.

Wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika kila lita. Chini ya 60 maji huhesabiwa kuwa laini, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Tuseme maji ya nyumba fulani yana miligramu 300, na familia huchemsha lita 5 kwa siku. Hizo ni gramu 1.5 kila siku. Kama zote zingeganda, kwa mwaka zingepita nusu kilo ya jiwe. Bila shaka si zote zinazoganda, lakini robo yake tu inatosha kulizika birika.

Chokaa au chumvi?

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Maji ya visima vingi vya pwani yana mambo mawili tofauti, na sote tunayaita kwa jina moja, "chumvi". Moja ni chokaa iliyotoka kwenye mwamba. La pili ni chumvi yenyewe iliyotoka baharini. Chini ya ardhi ya pwani maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ni mepesi zaidi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda kutoka chini, na kisima kilichokuwa kitamu miaka ya nyuma kinakuwa cha chumvi.

Chokaa huziba na kufunika. Chumvi hula vyuma, haizibi kitu. Tena chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi. Dawa ya kimoja haitibu kingine. Kuchemsha huondoa sehemu kubwa ya chokaa, lakini chumvi yote hubaki, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke, inazidi kukolea.

Ukitaka kujua una lipi, huhitaji maabara. Mimina maji ya mfereji kwenye kisahani cha kioo, uyaache juani mpaka yakauke. Ukiona weupe umebaki, tia maji kidogo ya mvua, koroga, kisha umwage taratibu. Kilichoyeyuka na kwenda ni chumvi. Kilichong'ang'ania kisahani, kidondoshee siki au ndimu. Kikitoa vipovu, hiyo ni chokaa, na vipovu hivyo ni ile hewa ya kaboni inayotoka tena. Wengi mtapata vyote viwili.

Dawa yake

Kwa chokaa ndani ya birika, dawa imo jikoni. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, au kamua ndimu kadhaa ndani ya maji, ufunike magamba kwa saa moja au zaidi. Yatalainika na kutoka. Suuza, chemsha maji mara moja, uyamwage. Ukifanya hivyo kila baada ya majuma machache, gamba halipati nafasi ya kunenepa. Usikwangue kwa kisu, maana utaliumiza birika. Chomoa waya wa umeme kwanza. Na siki hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwani hutoa hewa ya sumu.

Pasi ya mvuke ipe maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Usikosee ukanunua asidi ya betri, ambayo mara nyingi huuzwa katika chupa zinazofanana. Kwa kufua, maji ya mvua ni mali. Mvua za masika zinapokuja pwani, kinga kila ulichonacho. Hata katika Ngome ya Yesu utaonyeshwa kisima kirefu na hifadhi ya maji ya mvua. Waliokaa humo walikwisha kutambua kwamba kisima peke yake hakitoshi.

Yako mashine za kulainisha maji, ambazo hoteli na baadhi ya majumba huzifunga. Hizo huitoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Zinafaa sana kwa chokaa, lakini hazipunguzi chumvi. Mwenye shida ya chumvi anahitaji mtambo wa kuchuja kwa nguvu ya pampu, ule unaotumiwa na wauza maji wengi, nao ni ghali na humwaga sehemu ya maji. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa, rudi kwenye kile kisahani.

Shawa ya umeme, ile ya kupasha maji papo hapo, isichukuliwe mzaha. Chokaa ikiziba matundu, maji hutoka machache na yenye moto mkali, na koili huungua. Maji yakiwa ya chumvi, umeme unaweza kuvuja ndani yake. Nunua iliyoandikwa kwamba ni ya maji ya chumvi. Fundi aliyehitimu aunganishe waya wa kupeleka umeme ardhini, na aweke swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Mtoto akisema mfereji wa bafuni "unamtekenya", usicheke. Zima umeme wa shawa hiyo na mtu yeyote asioge hapo mpaka fundi aje.

Kisichoonekana

Linabaki neno moja, nalo ndilo zito. Katika nyumba nyingi magamba yale meupe huonwa kuwa uchafu. Mama anayatazama, anaona birika linaharibika na umeme unakwenda, anaamua: afadhali tuyanywe maji bila kuyachemsha. Wengine huogopa kwamba weupe ule utawadhuru wakiumeza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kikomo chochote cha ugumu wa maji kwa sababu za afya. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili wenyewe huyahitaji. Ukiyaacha maji yatulie, ukayachuja kwa kitambaa safi, hayo magamba hayana neno. Hili lisichanganywe na floraidi iliyo katika baadhi ya visima vya Nairobi na Bonde la Ufa, ambayo hubadili rangi ya meno ya watoto. Hiyo ni habari nyingine, wala kuchemsha hakuiondoi.

Kinachoua ni kile ambacho hakiachi alama yoyote ndani ya birika. Mwamba wa matumbawe umejaa vishimo na nyufa. Nyufa hizo hizo zinazopitisha mvua hadi kisimani hupitisha pia maji ya choo cha shimo kilicho jirani. Kipindupindu kimewahi kuzuru pwani yetu zaidi ya mara moja, nacho huja katika maji maangavu yasiyo na ladha. Birika lililojaa magamba ni ushahidi kwamba katika nyumba hiyo maji yanachemshwa. Ukichoka na magamba, nunua siki, au tumia dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa. Kuchemsha usiache.

Kwa hivyo, msomaji, utakapokwenda Mombasa, beba sabuni ya kutosha, umwulize mwenyeji wako ni mfereji upi wa maji matamu, na ukimkuta na birika lililoota jiwe, mkamulie ndimu. Na wewe uliyehamia huko kwa kazi au kwa masomo, fanya jaribio la kisahani juma hili kabla hujanunua mashine yoyote. Kinga na kinga, wahenga walisema, ndipo moto uwakapo. Uwakapo, basi uchemshe maji.